Uliugua katikati ya muhula, ukakosa vipindi: namna ya kuokoa mtihani wako chuoni

Aprili, masika yamepamba moto, kijana wa jirani yetu hapa Makorora, Tanga, alishuka stendi ya Kange kutoka Dar es Salaam akiwa hajiwezi. Homa kali, macho yanauma, viungo kama aliyetwangwa kinuni. Kesho yake Hospitali ya Bombo wakampima malaria, hakuna. Wakampima tena, ikaonekana ni kidingapopo, hiyo tunayoiita dengi, ambayo mwaka 2019 iliisumbua sana Dar na Tanga yetu hii. Nilipokwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na pole, nikauliza swali lililomuudhi mama yake: "Chuoni wana habari?"

"Dada, kwanza apone," akanijibu. "Chuo kitamngoja."

Chuo hakingoji. Hakina macho ya kuona kitanda chako Makorora. Kina daftari la mahudhurio tu, na mbele ya jina lako pako patupu. Nimeyajua haya mara mbili: kwanza nikiwa mwanafunzi niliyeugua, kisha miaka michache nikiwa karani wa kitivo, upande wa pili wa dirisha, ninayepokea barua za wagonjwa. Nilizoziona zikikataliwa, chache mno zilikataliwa kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mdogo. Nyingi zilikataliwa kwa kuwa zilichelewa. Barua ya siku ya tatu, hata ikiwa na makosa ya lugha, ilikuwa na nguvu kuliko faili nono lililoletwa wiki ya mitihani.

Kwa hiyo nitakwenda kwa mpangilio wa siku, nikianza na ile ya kitandani.

Toa taarifa kabla hujapata cheti

Wanafunzi wengi hukaa kimya wakisubiri cheti cha daktari, ndipo watoe taarifa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Taarifa inasema "naumwa, sitakuwepo". Cheti kinathibitisha. Taarifa unaitoa leo, cheti kitakuja.

Tuma baruapepe kwa mratibu wa mwaka wenu au mkuu wa idara, na nakala kwa wahadhiri wenye testi au kazi ya kukusanya wiki hiyo. Mwambie na CR, yaani mwakilishi wa darasa. Lakini usiishie kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe wa kundi humezwa na vichekesho kabla ya jioni, na mwezi wa saba hakuna atakayekumbuka kama uliandika. Maneno yanatosha kuwa haya:

"Mimi ni (jina kama lilivyo kwenye usajili), namba ya usajili (…), mwaka wa pili. Nimeugua tangu tarehe 14 Aprili na ninatibiwa Hospitali ya Bombo, Tanga. Sitaweza kuhudhuria vipindi wiki hii. Nitawasilisha cheti cha daktari nikikipata. Kama kuna testi au kazi ya kukusanya katika siku hizi, naomba ieleweke kuwa nimetoa taarifa leo."

Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokutetea mwezi wa saba. Kama huwezi hata kushika simu, dada au kaka aandike kupitia akaunti yako ya chuo, aseme wazi kwamba anaandika kwa niaba yako na yeye ni nani. Ikiwa unaishi bweni la chuo na umeondoka ghafla, mjulishe na mlezi wa wanafunzi, kwa sababu kuna vyuo vinavyohesabu kuondoka bila ruhusa kuwa kosa jingine kabisa, mbali na kukosa vipindi.

Na mzazi asipige simu kwa mhadhiri kulalamika. Nilipokuwa karani, mama mmoja alipiga mara sita kwa siku moja, kwa uchungu wa mwana, naelewa. Lakini chuo kinashughulika na mwanafunzi mwenyewe, na simu haina tarehe wala sahihi.

Karatasi ya hospitali: isome kabla hujatoka getini

Daktari ana foleni, karatasi ataiandika kwa haraka. Ni juu yako kuiangalia ukiwa bado palepale. Cheti kinachosimama kina jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha chuo, namba ya faili, tarehe uliyoonwa, siku za kupumzika kuanzia lini hadi lini, jina na cheo cha aliyekutibu, sahihi yake na muhuri wa hospitali. Kijana wetu chuoni anaitwa kwa majina matatu, pale Bombo aliandikishwa kwa jina la nyumbani na la babu. Tulirudi dirishani likarekebishwa siku ileile. Ingekuwa baada ya mwezi, ingekuwa safari ya siku nzima na maneno mengi.

Tazama hizo siku. Mgonjwa wa malaria hupewa dawa ya mseto ya siku tatu, na ED yake, yaani cheti cha mapumziko, mara nyingi huwa fupi vilevile. Dengi ni shughuli nyingine: homa huweza kukushika hadi wiki, kisha uchovu unabaki nawe wiki kadhaa, ukipanda ngazi za ghorofa ya pili unatweta kama mzee. Cheti kikisema siku 5 nawe ukakaa siku 16, siku 11 zimebaki hazina mwenyewe. Usizitetee kwa maneno. Cheti kinapokwisha nawe hujapona, rudi kwa daktari yuleyule, akuone, aandike upya. Vyeti viwili vinavyofuatana vizuri ni bora kuliko kimoja kirefu kilichoandikwa siku ya mwisho kikirudi nyuma mwezi mzima. Hicho cha kurudi nyuma ndicho makarani hukiangalia mara mbili.

Vingine vya kutunza: majibu ya maabara, risiti za malipo, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Havichukui nafasi ya cheti, ila vinazo tarehe, na tarehe ndiyo inayotafutwa. Kama ni ajali ya bodaboda, kuna na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Nakala yake ipige picha kabla hujaikabidhi hospitali. Vyuo kadhaa hutaka pia cheti cha nje kithibitishwe na mganga mkuu wa zahanati ya chuo, kwa hiyo ukirudi kituo chako cha kwanza kiwe hapo, kabla ya darasani.

Sisi watu wa Tanga tuna jambo letu, tusifichane. Mtoto akirudi na homa isiyoshika, bibi atasema si ugonjwa wa hospitali huo. Atapelekwa Pangani au Muheza ndani kwa mtaalamu, atasomewa, atafukizwa. Sina ugomvi na bibi. Lakini kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa, halina muhuri. Mpitisheni hospitali kwanza, asubuhi ileile, ndipo muende kwa bibi.

Suala la siri: chuo kinahitaji kujua kwamba ulikuwa huwezi kusoma, na kwa muda gani. Hakihitaji kila undani wa mwili wako. Kama ugonjwa ni wa kukuonea haya, muombe daktari aandike tu kwamba ulikuwa chini ya matibabu na hukuweza kuhudhuria, kisha kabidhi kwenye bahasha iliyofungwa kwa mganga wa chuo au mlezi wa wanafunzi badala ya kuipitisha kwa CR. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na aliyepewa kuzishika hana ruhusa ya kuzitangaza ukumbini.

Rafiki asikusainie

Hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nililazwa siku nne kwa taifodi. Mwenzangu wa chumbani, roho nzuri kuliko akili, akanisainia kwenye karatasi ya mahudhurio siku tatu kati ya hizo. Alidhani ananisaidia. Nami nikapeleka cheti cha kulazwa, chenye tarehe. Ofisi ikaweka karatasi mbili mezani: moja inasema nilikuwa wodini, nyingine inasema nilikuwa semina saa nne asubuhi. Kipi ni uongo? Niliitwa mbele ya watu watano kujieleza, na badala ya kuzungumzia ugonjwa tukazungumzia udanganyifu. Nilipona kwa kuwa mwenzangu alikiri. Yeye alipewa onyo la maandishi kwenye faili lake. Zile siku tatu, ambazo zingesamehewa kwa cheti, zilikuja kuhesabiwa utoro.

Basi mtu wa kwanza wa kumpigia ukiugua, hata kabla ya CR, ni huyo rafiki. Mwambie aache nafasi yako tupu. Na kama tayari ameshasaini, sema mapema, kwa maandishi, kabla hujapeleka cheti.

Kununua ED mtaani hakuhitaji maelezo marefu. Karani hupiga simu hospitali akataja namba ya faili, jibu linakuja dakika kumi. Kughushi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na chuoni watakufukuza kabla hata polisi hawajafika.

Fanya hesabu, kozi moja moja

Kiwango utakachokikuta kwenye kanuni za vyuo vingi vya hapa nchini ni asilimia 75 ya vipindi, na kozi za afya zinaweza kukaza zaidi. Chukua kanuni za mitihani za chuo chako, zipo kwenye prospektasi au tovuti, uisome sehemu ya mahudhurio kwa macho yako. Usitegemee "nimesikia".

Kosa la wengi ni kuhesabu muhula mzima kwa jumla: "nimekosa wiki tatu tu kati ya 15, bado niko vizuri." Asilimia huhesabiwa kwa kila kozi peke yake. Tumwangalie kijana wetu, wiki tatu nje.

Kozi yake ya kwanza ina mihadhara miwili na semina moja kwa wiki, wiki 15, jumla vipindi 45. Asilimia 75 ni 33.75, yaani ahudhurie 34. Anaruhusiwa kukosa 11, amekosa 9. Amebakiza viwili vya akiba.

Kozi ya pili ina kipindi kirefu kimoja kwa wiki, jumla 15. Anatakiwa 12, anaruhusiwa kukosa 3, amekosa 3. Akichelewa daladala siku moja, amekwisha.

Ya tatu ni maabara, mara 10 tu kwa muhula. Anatakiwa 8. Tatu zimeangukia kwenye homa yake, kwa hiyo tayari yuko chini, ana 7. Ugonjwa ni uleule, kitanda kilekile, lakini kozi moja yuko salama, ya pili yuko ukingoni, ya tatu kashatumbukia. Barua yake itumie nguvu kwenye hiyo ya tatu.

Kuna mambo mawili ya kumuuliza mhadhiri kabla hujafunga hesabu. La kwanza: mnahesabu vipindi vilivyopangwa au vilivyofanyika? Mhadhiri naye husafiri, sikukuu huingia. Kozi yenye vipindi 45 kwenye ratiba ikiwa na 36 tu vilivyofanyika kweli, ruhusa ya kukosa inashuka kutoka 11 hadi 9. La pili, na hili ndilo kubwa: siku zenye cheti mnazifanyaje? Vyuo vingine huzitoa kwenye hesabu kabisa. Kwa kozi ya kwanza hapo juu vingebaki vipindi 36, na akivihudhuria vyote ana asilimia 100. Vingine huziacha zihesabike kuwa umekosa, ila cheti kinakupa haki ya kuomba uruhusiwe kufanya mtihani. Ukidhani uko kwenye mfumo wa kwanza kumbe uko wa pili, utashtuka siku jina lako linapobandikwa ubaoni na waliozuiwa.

Barua ya ombi

Ukishapata nguvu ya kukaa mezani, andika barua rasmi. Usingoje urudi chuoni. Vyuo vingi huandikiana kwa Kiingereza, nawe fuata lugha ya chuo chako, lakini mwili wa barua uwe hivi:

"Kwa Mkuu wa Idara, kupitia kwa Mratibu wa Mwaka wa Pili.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUTOHUDHURIA VIPINDI KWA SABABU YA UGONJWA, 14 APRILI HADI 4 MEI

Nilitoa taarifa ya ugonjwa kwa baruapepe tarehe 14 Aprili. Nilitibiwa Hospitali ya Bombo, Tanga, na nilipewa mapumziko kwa vyeti viwili vilivyoambatishwa, vinavyofuatana.

Katika muda huo nilikosa: (kozi ya kwanza) vipindi 9, (kozi ya pili) vipindi 3, (kozi ya tatu) maabara 3 na testi ya kwanza.

Naomba: siku hizo zitambuliwe kuwa zenye sababu, nipangiwe testi niliyoikosa, na nielekezwe namna ya kufidia angalau maabara moja ili nifikie kiwango.

Ninarudi chuoni na niko tayari kuanza tarehe 5 Mei."

Ona kwamba hakuna "naomba mnisaidie kwa huruma yenu". Huruma mhadhiri anayo, lakini hana kisanduku cha kuijaza. Mpe kitu anachoweza kukiandikia "imekubaliwa". Ile "angalau maabara moja" pia ina maana yake: 7 na 1 ni 8. Ukiomba kurudishiwa zote tatu fundi wa maabara ataguna, ukiomba moja atatafuta Jumamosi.

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Karani akisema "acha tu hapo", muombe kwa adabu agonge. Niliwahi kuwa karani huyo, mafaili hupotea.

Testi uliyoikosa ifuatilie mbio kuliko vipindi. Mahudhurio ni mlango wa kuingilia mtihani, alama za kozi, yaani za testi na kazi za muhula, ni sehemu ya alama yako ya mwisho. Mahali ambapo testi na kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60, testi moja yenye sifuri inakula pakubwa. Omba kabla alama hazijabandikwa. Zikishatoka, mhadhiri anatakiwa aeleze kwa wakubwa wake kwa nini anazibadilisha, na hapo hata mwema huwa mgumu.

Mtihani umefika nawe bado hujapona

Watu wa kwetu wana msemo wa mji huu, waja leo waondoka leo. Kwa mgonjwa haufai. Niliwaona waliopanda basi alfajiri na homa, wakafanya mtihani saa nane, wakaanguka. Ukishakaa ukaandika, ni vigumu sana baadaye kumshawishi mtu kwamba hukuweza. Ukifeli, unaingia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, na katika vyuo vingi daraja la sapu halivuki C hata ungepata alama zote.

Mwenye cheti aliyeomba kabla ya mtihani hupangiwa mtihani maalumu, speshali. Huo ni mtihani wako wa kwanza, alama zake ni kamili, na alama zako za kozi zinabaki. Kwa hiyo kati ya kuandika ukitetemeka na kuomba speshali, mimi nakushauri speshali. Ombi lifike kabla ya saa ya mtihani. Ukizidiwa ndani ya chumba chenyewe, mwambie msimamizi aandike kwenye ripoti yake, kisha nenda moja kwa moja zahanati ya chuo upate karatasi ya siku hiyo. Usipitie bwenini kulala kwanza.

Kuahirisha muhula au mwaka ni dawa kali, uitumie ugonjwa ukiwa mrefu kweli: upasuaji, kifua kikuu, ujauzito wenye matatizo, msongo uliokulaza. Angalia mtego huu: kozi nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo anayeahirisha muhula mmoja mara nyingi hupoteza mwaka. Mwenye mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, aonane na afisa mikopo wa chuo kabla ya kusaini fomu ya kuahirisha, kwa sababu bumu, yaani fedha ya kujikimu, la kipindi ambacho husomi husimama, na kurudishwa kwake kunategemea chuo kupeleka taarifa Bodi. Barua ya kuahirishiwa na barua ya kuruhusiwa kurudi zote mbili zitunze, hata ukihitimu.

Na kutoweka kimyakimya, ukitegemea kurudi mwakani, si kuahirisha. Huko ndiko kudisko, yaani kuondolewa chuoni, bila kufeli somo hata moja.

Wakikataa

Omba jibu kwa maandishi, lenye kifungu cha kanuni walichotumia. Ukilipata, mara nyingi utaona wapi pa kuegemea: ama hawakuona cheti cha pili, ama walihesabu vipindi ambavyo havikufanyika. Rufaa hupanda ngazi kwa ngazi, idara, kitivo, hadi kamati za seneti, na ina siku zake chache. Zihesabu kuanzia tarehe ya barua, si siku uliyoisoma. Waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi anaweza kukusindikiza, na wengi wao wanazijua kanuni kuliko wahadhiri. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, si pa kuanzia; watakuuliza chuo kimejibu nini.

Kijana wetu alipanda basi Kange tarehe 4 Mei, bahasha begani na chupa ya maji aliyofungiwa na mama yake. Idara ilizitambua siku zote. Testi alifanyiwa wiki iliyofuata. Maabara walimkatalia kwanza, wakisema kundi lake limeshamaliza. Akaandika tena akiomba aingie na kundi la wenzao wa jioni, mara moja tu. Walimkubalia, akafika nane. Juzi mama yake kaniletea mkate wa kumimina, akaniuliza kama fomu ya speshali ambayo haikutumika waitunze au waitupe.

Nimemwambia aitunze. Masika mengine yanakuja, na mdogo wake anaanza mwaka wa kwanza Oktoba.